Muulize Mwalimu: Salisbury aliyekata ziwa letu kwa rula alikuwa mtu gani?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu, sentensi moja, kwamba mpaka unaopita katikati ya ziwa letu ulikubaliwa mwaka 1890 waziri mkuu wa Uingereza akiwa Lodi Salisbury, basi nimejuta, simu haijapumzika, meseji zinaingia mpaka saa sita usiku, wengine wanauliza ya maana na mmoja anauliza kama huyo mzee aliacha shamba Magu. Hakuacha shamba Magu. Nimechukua maswali yenye mashiko, nimeyakata urefu kidogo, tuendelee.

Shikamoo mwalimu. Mi navua dagaa huku Shirati. Usiku tukiwa na taa ziwani mtu hujui umeshavuka au bado, juzi mwenzetu mwenye ramani kwenye simu akasema jamani hapa tupo Kenya, tukacheka lakini mtumbwi tukageuza. Sasa huyo Salisbury alipima na nini? Kwani alifika huku? (Mvuvi, Shirati)

Marahaba mwanangu, poleni na baridi ya usiku. Hakufika. Na siyo kwamba alikuwa mtu wa kukaa nyumbani tu, ujana wake alisafiri sana, kati ya 1851 na 1853 alizunguka na meli mpaka Cape kule Afrika Kusini, akaenda Australia, akafika New Zealand, alikuwa kijana wa maradhi maradhi ikaonekana upepo wa bahari utamjenga. Ila huku kwetu hakuwahi kukanyaga.

Kupima sasa. Hakuna aliyepima kitu ziwani. Jana usiku nimechukua atlasi ya mjukuu wangu, ikweta inapita juu karibu na Entebbe, ukishuka chini digrii 1 unaweka rula unapiga mstari kutoka mashariki mpaka magharibi, ndo mpaka wenyewe huo. Rula ya mjukuu ni ya plastiki imevunjika ncha, nilipoilaza pale Shirati yenu ikapotelea chini ya rula, hata jina halisomeki, maana mpo kusini ya mstari kwa kilomita 10 na kitu tu. Ungezaliwa mwendo wa baiskeli kuelekea kaskazini ungekuwa unaniandikia kwa Kiswahili cha Nairobi.

Mambo yalienda kwa awamu mbili. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari wa kutoka mdomo wa mto Umba kule pwani ya Tanga, unapanda, unaizunguka Kilimanjaro, unakuja kugonga ukingo wa mashariki wa ziwa pale kwenye digrii 1. Ukaishia majini hapo. Tarehe 1 Julai 1890 wakaurefusha, ukavuka maji yote na kutokea Kagera mpaka mpaka wa Kongo. Juu Mwingereza, chini Mjerumani. Mwanza ipo digrii 2 na nusu kusini, Musoma na Bukoba zipo chini ya 1 pia, kwa hiyo wote tukaingia kapu la Mjerumani siku moja bila mtu kupigiwa hodi.

Na mapatano yale ya 1890 hayakuwa ya ziwa peke yake. Mjerumani alipewa Heligoland, kisiwa cha bahari ya kaskazini huko kwao, hata kilomita mraba 2 hakifiki, Ukerewe yetu inakimeza zaidi ya mara 200. Naye akakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Mwingereza. Malkia Victoria mwenyewe, yule ambaye Speke alilipa ziwa jina lake alipoliona hapa Mwanza mwaka 1858, hakufurahi kabisa kuachia Heligoland, lakini Salisbury alikuwa ameshapiga hesabu zake. Hesabu zenyewe zilikuwa za Misri. Waingereza walikuwa wameikalia Misri tangu 1882, Misri inaishi kwa Nile, na Nile inatoka ziwani kwetu pale Jinja, kwa hiyo alichotaka yeye ni ile sehemu ya juu. Sisi wa chini tulikuwa chenji.

Mwaka huohuo alisimama kwenye hotuba London akatania kwamba wao wakubwa wa Ulaya wamekuwa wakipiga mistari kwenye ramani na kugawiana milima na mito na maziwa, kikwazo kikiwa kimoja tu, hawakujua hiyo milima na mito na maziwa ipo wapi hasa. Wenzake walicheka. Mi kila nikiisoma hapo nanyamaza kidogo, maana kumbe mtu alijua vizuri tu.

Mwalimu shikamoo, mi mwanafunzi hapa Nyegezi. Tunafundishwa mikataba tu, tarehe tarehe, mtu mwenyewe hatumjui. Alikuwa na mke? Watoto? Nimesikia alioa mwanamke ambaye baba yake hamtaki. (Msomaji wa kike, Nyegezi)

Marahaba. Swali hili limenipendeza kuliko yote na nitakaa hapa, asiyetaka umbea aruke.

Jina lake kamili Robert Gascoyne-Cecil, kazaliwa tarehe 3 Februari 1830 kwenye nyumba inaitwa Hatfield, kaskazini ya London. Nikisema nyumba msifikirie nyumba, lile ni jumba lililokamilika mwaka 1611, limejengwa na babu yao aliyekuwa waziri wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, na babu wa juu yake pia alikuwa waziri wa malkia huyohuyo. Yaani ukoo wa Cecil walishazoea ikulu kabla Wajerumani hawajajua kuna Mwanza. Hilo "Gascoyne" la mbele lilitoka kwa mama yake, Frances Gascoyne, mrithi wa mali nyingi, na alipoolewa mali zikaja naye ndo ukoo ukaongeza jina lake mbele ya la kwao. Sasa hapo Msukuma atashangaa, kwetu ng'ombe wanatoka kwa mwanaume wanakwenda kwa wakwe, kwa malodi wa wakati ule mwanamke ndo anasubiriwa na mali yake mlangoni.

Mama akafariki mwaka 1839, Robert ana miaka 9. Baba mkali na wa mbali, baadaye akaoa tena. Mtoto akapelekwa shule ya bweni ya Eton ambako wakubwa walikuwa wanampiga na kumtesa mpaka akawa anamwandikia baba barua za kuomba atolewe, baba akachelewa chelewa, akaja kumtoa mtoto akiwa na miaka 15. Alama yake haikutoka. Hata likizo London alikuwa anapita vichochoro ili asikutane na wale vijana wa shule barabarani. Mi nimefundisha miaka mingi, nimeona mtoto wa namna hiyo, anakuwa mtu mzima anavaa suti lakini akiingia chumbani anatafuta kiti cha karibu na mlango.

Na siasa? Aliingia bungeni 1853 kwa jimbo la Stamford bila kupingwa, jimbo lenyewe lilikuwa kama kiti cha familia. Halafu akakutana na Georgina Alderson, binti wa jaji. Msichana mcheshi, msomi, mcha Mungu, anaongea sana wakati mwenzie haongei, ila hela hana, yaani siyo maskini wa kukosa chai lakini kwa hesabu za Hatfield hana kitu. Baba akakataa. Kijana akamwoa hivyohivyo, Julai 1857, na mzee harusini hakuonekana.

Hapo sasa ndo ilibidi mtoto wa lodi afanye kazi. Yeye alikuwa mtoto wa kiume mdogo, mrithi ni kaka yake, basi akakaa na mke kwenye nyumba ya kawaida London, anaandika makala kwenye magazeti kwa malipo, makala nyingi ajabu, za siasa, za vitabu vya Kijerumani, kali mpaka wengine wakawa wanazisoma bila kujua mwandishi ni mbunge. Naamini ile kalamu ilimfundisha kazi kuliko shule zote. Kisha kaka yake, aliyekuwa mgonjwa miaka mingi na macho karibu hayaoni, akafa mwaka 1865, baba naye akafuata 1868, na yule aliyekataliwa mke wake akarithi kila kitu, jumba, ardhi, cheo, akawa Markwesi wa tatu wa Salisbury. Kwao vyeo vya ukoo vina ngazi na hicho ni cha pili kutoka juu. Georgina akaingia Hatfield kama mwenye nyumba. Hii ukiwasimulia wakwe waliowahi kukataliwa hapa Igoma utaambiwa rudia tena.

Walizaa watoto 8. Kabinti kamoja, Fanny, kalifariki kangali kachanga, wakabaki wasichana 2 na wavulana 5. Na mzee yule aliyelelewa kwa baridi akalea kwake tofauti kabisa, watoto walikuwa wanabishana naye mezani kama wabunge, siasa, dini, chochote, hakuna kuambiwa nyamaza we mtoto, wageni walikuwa wanashika vichwa. Wavulana wote walikuwa na majina ya utani, na wa pili, William, nyumbani na nje walimwita Samaki! Hapa kwetu angepata jina lenye maelezo zaidi, sangara au furu, lakini huyo Samaki alikuja kuwa askofu wa Exeter. Robert mdogo, waliyemwita Bob, alifanya kazi kubwa kwenye Shirika la Mataifa baada ya vita ya kwanza ya dunia na akapata Nobeli ya amani mwaka 1937. Hugh alikaa bungeni halafu akawa mkuu wa Eton, shule ileile iliyomliza baba yake, sijui walikaa vipi na jambo hilo mezani. Gwendolen hakuolewa, alibaki kuwa msaidizi wa baba na ndiye aliyekuja kuandika maisha yake, juzuu 4. Mi karibu yote ninayokwambia ya nyumbani kwao yana mkono wa huyo dada.

Machungu hayakuwakwepa. Mwaka 1899 mwanao Edward alikuwa mwanajeshi Afrika Kusini, amezingirwa na Makaburu pale Mafeking, na Novemba mwaka huo mama yake akafariki Hatfield mtoto hana hata njia ya kurudi. Mzee baada ya Georgina kuondoka hakuwa yuleyule tena. Vita ya kwanza ya dunia ilikuta yeye ameshakufa, lakini Askofu Samaki alipoteza wana 3 kwenye ile vita na Edward akapoteza mwanae wa kiume wa pekee mwaka 1914 kabla hata vita haijafika mwezi wa pili.

Mwalimu mambo, mimi fundi umeme Mabatini. Uliwahi kusema kuna lodi alifunga umeme nyumbani kwake kabla ya watu wote, ndo huyu? Alitumia waya gani?

Mambo mjukuu wangu, ingawa kwa umri wangu huu ilitakiwa shikamoo. Ndo huyu. Alikuwa na maabara ya kemia humohumo nyumbani, ndevu kubwa, mwili mkubwa, urefu futi 6 na inchi 4, anajifungia na chupa zake huku mawaziri wanamsubiri, na simu pia alikuwa wa mwanzo mwanzo kuweka. Umeme alifunga Hatfield mwaka 1881, wakatumia nguvu ya maji ya mto. Waya, shika kichwa, zilikuwa tupu bila koti, zimepita kwenye dari ya mbao ya mwaka 1611. Jioni familia imekaa zinaanza kutema cheche, mbao zinashika moto, basi wanarusha mito ya makochi juu mpaka uzime halafu wanarudi kwenye maongezi walipoishia. Watu wanaisimulia kwa kucheka na mi nilikuwa nacheka, mpaka nilipojua mwaka huohuo mfanyakazi wa bustani pale aligusa waya akafa. Huyo kwenye stori za kuchekesha hayumo. We funga koti waya zako, hasa huko Mabatini nyumba zilivyobanana.

Mwalimu, nafundisha Kiingereza Pasiansi. Kuna msemo wao wa "Bob ni mjomba wako" wakimaanisha mambo yameshakuwa mepesi. Wanasema Bob mwenyewe ni Salisbury. Kweli?

Ukweli wake ni nusu. Salisbury jina lake Robert, na Robert kwao ni Bob, hiyo kweli. Dada yake Blanche aliolewa na Balfour akazaa Arthur Balfour, kwa hiyo Salisbury kwa Arthur ni mjomba hasahasa, mjomba wa Kiswahili, kaka wa mama, Kiingereza kinachanganya wote kapu moja lakini sisi tunajua uzito wa mjomba. Mwaka 1887 mjomba akampa mpwa wake uwaziri wa Ireland, kazi ngumu iliyokuwa imewatoa jasho watu wazito, wengi wakaguna. Sasa kama msemo ulizaliwa hapo, wataalamu wa lugha wanabishana, maana kwenye maandishi umeanza kuonekana miaka mingi baada ya mzee kuzikwa.

Ila kubebana kulikuwepo wala siyo uzushi. Ukifika mwaka 1900 serikalini mna mpwa Arthur, mna mdogo wake Arthur anaitwa Gerald, mna mkwe wa mzee, Selborne, aliyemwoa binti yake Maud, amepewa jeshi la maji, mna mwanae mkubwa naibu kwenye mambo ya nje. Wapinzani wakaiita serikali ile Hoteli Cecil, maana London kulikuwa na hoteli kubwa ya jina hilo, kwamba vyumba vyote vimejaa ndugu. Na Julai 1902 alipong'atuka, aliyechukua uwaziri mkuu ni nani? Mpwa. Nikisikia watu kwenye daladala ya Buzuruga wanasema undugunaizesheni umeletwa na uhuru huwa natamani kushuka kituo chao niwasimulie hii.

Tuwe wa haki lakini, Arthur alikuwa na akili, Ireland hakuboronga kama walivyotarajia. Na mzee mwenyewe watu hakuwa anawajua kwa sura, inasimuliwa mara moja mezani alinong'ona kuuliza huyu aliyekaa jirani ni nani, kumbe ni waziri wake wa miaka. Labda ndo maana alipenda ndugu, angalau hao alikuwa anawatambua! Hiyo naitania.

Mimi dereva wa lori, nimefika mpaka Harare. Wazee kule wanaiita Salisbury. Ni huyohuyo?

Huyohuyo. Watu wa Cecil Rhodes, yule tajiri Mwingereza wa Afrika Kusini, walisimika bendera pale Septemba 1890 wakaipa ngome jina la waziri mkuu, likabadilishwa kuwa Harare Aprili 1982. Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu ule mstari wa ziwani, mwaka wake ule ulikuwa na shughuli.

Mwalimu shikamoo. Mbona sisi Mwanza tuna jiwe la Bismarck na hatuna jiwe la Salisbury? (Kijana wa Kamanga, nauza maji ya baridi)

Marahaba mwanangu, na juzi ndo uliniuzia maji nusu yameganda nusu ya moto, nimekutambua.

Jibu lipo hapo juu kwa mvuvi wa Shirati, tuliangukia chini ya rula. Wajerumani walikuja wakajenga boma lao Mwanza mwaka 1892, majina wakapachika ya kwao, na lile jiwe lililosimama majini wakalipa jina la kansela wao Otto von Bismarck. Kinachonichekesha ni kwamba Bismarck alishatimuliwa kazi Machi 1890, miezi mitatu na ushee kabla ya mapatano yaliyotupa kwa Wajerumani kusainiwa, aliyekuwa ofisini Julai ni kansela mwingine, Caprivi. Yaani jiwe limebeba jina la mzee ambaye siku tunagawiwa alikuwa kwake anasononeka. Naye makoloni mwanzoni hakuyataka sana.

Salisbury alikufa Hatfield tarehe 22 Agosti 1903, akazikwa hapohapo kanisani kijijini pembeni ya Georgina, Mwanza wakati huo bado ya Mjerumani. Waingereza walipokuja kuichukua mwaka 1916 jiwe walilikuta na jina lake, wakaliacha hivyo.

Nilimpeleka mjukuu pale jioni, yule mwenye rula, tukasimama karibu na kivuko watu wanapiga picha, jiwe limejaa kinyesi cha ndege juu jeupe kabisa. Nikamweleza yote haya taratibu, Bismarck, Salisbury, Heligoland. Akaniangalia akauliza, bibi, kwani kabla hawajaja hili jiwe lilikuwa linaitwaje? Nikamwambia subiri nimuulize babu mmoja wa Kirumba. Bado sijamuuliza, na kama kuna msomaji anayelijua jina la wavuvi wa zamani aniandikie, nitaliweka toleo lijalo.